Jampsiti: stafu wa ndege, na kwa nini rubani na mtu wa geti hawaishi kugombana

Kama umepanda daladala Dar unamjua stafu. Konda anapita anachezesha sarafu, anafika kwa jamaa aliyening'inia karibu na mlango, jamaa anasema tu "stafu", konda anampita, maana huyo ni dereva au konda wa gari nyingine na kesho inaweza kuwa zamu ya huyu wa leo kupanda bure kwa mwenzie. Hamna karatasi hapo. Ila kuna siku konda anamkatalia, labda gari imejaa, labda hesabu ya tajiri haijatimia, labda hamjui tu, basi dereva kule mbele anageuka anafoka "we muache apande!" na abiria wote mnagundua kwamba gari hii ina mabosi wawili, mmoja kashika usukani mwingine kashika mlango.

Ndege za Marekani zina stafu wao. Na zina ugomvi huohuo, tena mkubwa zaidi, na mi nimeula miaka kadhaa nikiwa mtu wa geti, yaani yule anayekagua na kupandisha watu kwenye ndege, kwenye kampuni ya mkataba inayohudumia ndege ndogondogo za mikoani huku. Nikiwasimulia watu nyumbani wanadhani natia chumvi, eti rubani mwenye kofia na mistari ya dhahabu mikononi anabembeleza kiti kwa kijana wa Temeke? Ndiyo, anabembeleza, na akikosa ananuna. Ngoja nieleze taratibu maana hili jambo lina mambo manne matano yamefungwa pamoja, na hata watu wa viwanjani wenyewe wanayachanganya.

Tuanze na kiti chenyewe. Ndani kabisa ya chumba cha marubani, nyuma ya kiti cha kapteni na cha msaidizi wake, kuna kiti cha kukunja, ndege nyingine kimoja nyingine viwili, kigumu, mgongo wima, na mikanda ya mabegani. Hicho ndo jampsiti. Msidhani kiliwekwa ili marubani warudi makwao, kisheria mwenye kiti ni mkaguzi: kampuni inalazimika kumpa nafasi inspekta wa FAA, yaani mamlaka ya anga ya serikali, akija kukagua safari. Sasa inspekta haji kila siku, kiti kinakaa kitupu safari nyingi tu, basi kampuni zikawekeana makubaliano, rubani wako apande kwangu bure na wangu apande kwako. Sheria inataja ni watu gani wanaweza kuingia kule mbele, kapteni wa safari anatoa ruhusa, imeisha. Anayekikalia tunamwita jampsita.

Kwa nini wanakihitaji kiasi hicho? Kwa sababu rubani wa Marekani mara nyingi haishi anapofanyia kazi. Kampuni inampa bezi, yaani kiwanja ambacho kazi yake inaanzia, tuseme Chicago, yeye mke na watoto wako Florida na hana mpango wa kuhama kwa sababu mwakani bezi inaweza kubadilishwa, kwa hiyo anapanda ndege kwenda kazini kama mtu wa Kibaha anavyopanda basi kuja Posta. Safari hiyo halipwi, wala haimhusu mwajiri wake, asipofika kazini kosa ni lake. Watu wa nje walilijua hili vizuri baada ya ajali ya Colgan Air namba 3407, Februari 12, 2009, karibu na Buffalo, watu 50 walikufa. Kwenye uchunguzi ikaonekana yule msaidizi wa rubani alikuwa anakaa kwa wazazi wake upande wa Seattle na bezi yake ilikuwa Newark, yaani kona moja ya nchi hadi nyingine, na usiku wa kuamkia siku ile alikuwa kwenye ndege za mizigo za FedEx akipitia Memphis ili awahi kazini. Uchovu ulijadiliwa sana baada ya pale. Mi nilichobaki nacho kutoka kwenye ile habari ni picha ya mtu anayepanda ndege mbili usiku kucha, bure, ili tu afike mahali ambapo kazi yake inaanzia.

Kwa hiyo ukimwona rubani kasimama mbele ya meza yangu anatabasamu kupita kiasi, ujue hana uhakika wa kufika.

Hapo sasa watu wanachanganya makundi matatu. La kwanza ni dedihedi: huyu kampuni inamhamisha kwa kazi yake yenyewe, ana kiti kamili, na asipopanda kuna ndege nyingine mahali haitaruka. Mnakumbuka ile video ya Aprili 2017, abiria anaburutwa kwenye ujia wa ndege ya United Express pale Chicago, safari ya Louisville? Viti vile vilikuwa vinatafutwa kwa wafanyakazi wanne wa namna hiyo, hawakuwa jampsita kabisa, ila mpaka leo watu wanasimulia kama vile rubani alitaka lifti. La pili ni stendibai wa kawaida, mfanyakazi yeyote wa ndege, hata mimi, hata mama yangu akipanda kwa pasi zangu za kazini, tunasubiri kiti kibaki. La tatu ndo jampsita. Na hapa kuna kitu kinachowachanganya hata wenzangu wapya: jampsita si lazima akae jampsiti. Kama kuna viti tupu nyuma kwa abiria anapewa cha nyuma, hata wakiwa watatu wanne, lakini kwenye karatasi bado ni jampsita, bado anapanda kwa ruhusa ya kapteni. Ndege ikijaa kabisa ndo anaenda kukunjuka kule mbele, na hapo anapita mmoja au wawili kulingana na viti.

Haya, geti. Jampsita anakuja kwangu na kitambulisho cha kampuni yake, leseni ya rubani, na cheti cha afya. Nikishaangalia naingiza kampuni na namba yake kwenye mfumo unaoitwa CASS, na kama bado ameajiriwa na yuko safi, picha yake inatokea kwenye skrini, nailinganisha na sura iliyosimama mbele yangu. Ikikataa, imekataa. Kapteni hawezi kuipindua, supavaiza hawezi, hata huyo jampsita akiwa mdogo wake kapteni tumbo moja.

Mfumo huo haukuja hivihivi. Aprili 7, 1994, ndege ya FedEx namba 705 aina ya DC-10 iliondoka Memphis kwenda San Jose, California, na jampsita mmoja ndani, fundi mitambo wa angani wa kampuni hiyohiyo ambaye alikuwa anasubiri kuhojiwa kwa kudanganya saa zake za kuruka. Alikuwa na mkoba wa gita. Ndani ya mkoba nyundo, na bunduki ya kuvulia samaki chini ya maji. Aliwapiga wale wafanyakazi watatu vichwani, mpango wake ndege ianguke ionekane ajali ili familia ilipwe bima, na wale jamaa walipigana naye huku wanavuja damu wakairudisha ndege Memphis, wote wakapona japo kurudi kuruka kibiashara haikuwezekana tena. Halafu ikaja Septemba 2001, na baada ya pale marubani wa kampuni nyingine wakafungiwa chumba cha mbele kabisa, miaka michache ikapita ndo CASS ikafungua mlango tena. Kwa hiyo mtu wa geti anapokataa kufanya haraka kwenye ile skrini, kuna sababu, na hakuna hata jampsita mmoja aliyewahi kunishukuru kwa kuangalia picha yake mara mbili.

Sasa ugomvi wenyewe unaanzia wapi. Unaanzia kwenye saa.

Serikali ya Marekani inahesabu ndege imewahi kama imefika ndani ya dakika 15 za ratiba. Lakini kampuni ndani kwa ndani hazihesabu hivyo, zinataka ndege isukumwe kutoka getini dakika ileile iliyoandikwa, na sisi mlango tunatakiwa tuufunge kabla, kwenye kituo chetu ilikuwa dakika 10. Ikichelewa hata dakika moja lazima iandikwe kodi ya ucheleweshaji, siyo kodi ya hela, ni alama ya kuonyesha nani kasababisha: ufundi, marubani, mafuta, mizigo, hali ya hewa, au geti. Sisi wa mkataba kodi ya geti ilikuwa sumu. Zikiwa nyingi kwa mwezi kampuni yetu inakatwa hela, supavaiza anaitwa, na supavaiza akitoka kuitwa na wewe unaitwa. Lakini jampsita akiachwa? Hakuna kodi. Hakuna anayeitwa. Hakuna safu yoyote kwenye ripoti ya siku inayosema "leo rubani mmoja wa kampuni nyingine amebaki getini akiangalia ndege ikiondoka na viti vitupu". Ukilielewa hilo umeelewa nusu ya kesi, maana mtu wa geti siyo lazima awe na roho mbaya, yule jampsita kwenye hesabu zake ni gharama tupu, na wa kuhudumiwa mwisho, baada ya abiria wa kulipa, baada ya wanaounganisha ndege, baada ya kiti cha magurudumu, baada ya yule mama ambaye begi lake haliingii. Na "mwisho" inakuja zikiwa zimebaki dakika 12.

Kuna jioni moja ya Januari, theluji, ndege ya CRJ200 ya viti 50. Dakika kama 22 kabla anakuja jamaa wa kampuni nyingine kabisa, ameloa, begi linadondosha maji kwenye kapeti, anaomba jampsiti. Skrini yangu inaonyesha abiria 44 na neno moja limeandikwa kwa rangi nyekundu, kwamba ndege imebanwa uzito. Nikamwambia kaka samahani, imejaa kwa uzito. Akaangalia dirishani, akaangalia kile kijitelevisheni cha juu kinachoonyesha viti, viti sita vitupu, akaniangalia mimi kama anavyoangaliwa mtoto aliyesema kavunja glasi paka.

Huu wa uzito ndo ugomvi mkubwa kuliko yote, na ndo usioeleweka. Ndege haijai viti tu, inajaa kilo. Siku ya theluji kiwanja inakoenda kinaweza kufunga, kwa hiyo inabeba mafuta ya kwenda kiwanja cha akiba na mafuta ya kuzunguka angani ikisubiri, na kila kilo ya mafuta ni kilo ya mtu isiyobebwa. Na uzito si utani. Januari 8, 2003, ndege ndogo ya Air Midwest aina ya Beech 1900 iliangukia Charlotte muda mfupi tu baada ya kuondoka, wote 21 walikufa, mafundi walikuwa wamekosea kurekebisha nyaya za mkiani na juu ya hapo ndege ilikuwa imezidi uzito, kwa sababu ule wastani wa kilo za abiria uliokuwa unatumika ulikuwa umepitwa na wakati, Wamarekani walishanenepa, makaratasi hayakujua. Baada ya hapo FAA ikazitaka kampuni zipandishe wastani huo. Kwa hiyo ile rangi nyekundu kwenye skrini yangu mimi naiheshimu.

Lakini, na hapa ndo rubani ana haki yake, ile namba siyo amri ya Mungu. Kaipanga mtu, labda masaa mawili yaliyopita, kwa utabiri wa masaa mawili yaliyopita. Kapteni na dispacha, yule mtaalamu anayekaa ofisini kupanga safari, kisheria wanabeba jukumu la safari kwa pamoja, na wao wanaweza kukaa kwenye simu dakika tatu wakakubaliana kwamba mafuta ya kuzungukia yapungue kidogo au kiwanja cha akiba kiwe cha karibu, na ghafla kuna nafasi ya watu wawili. Mimi siwezi kufanya hivyo. Ila naweza kumwambia kapteni kwamba kuna jampsita anasubiri. Na watu wa geti wengi hawamwambii. Wanamalizana na yule jampsita palepale mezani, "imejaa", kapteni anakuja kujua wiki ijayo kutoka kwenye kamati ya jampsiti ya chama chake cha marubani. Marubani wanalichukulia hilo kama konda kumshusha stafu bila kumuuliza dereva, maana kwao anayekataa au kukubali jampsita ni kapteni peke yake.

Ni kweli? Nusu. Mamlaka ya mwisho juu ya ndege ni ya kapteni, hilo halina mjadala, anaweza kumkataa jampsita hata bila kueleza sababu. Lakini kumkubali peke yake hakutoshi, kwa sababu jina lisipoingia kwenye mfumo wangu hayupo kwenye hesabu ya watu waliomo ndani, na hesabu ya watu isipolingana ndege haiendi popote. Mama mmoja wa Bukavu tuliyekuwa naye shifti ya jioni alikuwa ananiambia, "Mwana yangu, mlango ni yako, ndege ni yao," halafu anacheka, kwa sababu mlango na ndege vimeungana na hakuna aliyewahi kutuchorea mstari unapita wapi.

Makosa yako pande zote, nisijifanye malaika. Sisi wa mkataba mafunzo ya jampsiti yalikuwa kama ukurasa mmoja na nusu, watu wanaacha kazi kila baada ya miezi michache, unamkuta kijana ana wiki tatu kazini hajawahi hata kufungua CASS, anaona aibu kuuliza, anasema "imejaa" ili yaishe. Marubani nao wapo wanaonipita mezani kama mwanasesere wa dukani, wanateremka moja kwa moja kwenda kuongea na kapteni, wanakubaliana kule chini, halafu mimi ndo nakuja kuambiwa zikiwa zimebaki dakika nane kwamba kuna mtu kakaa kiti cha 12. Wapo wanaokuja dakika 11 wakiwa na kahawa mkononi. Foleni ya kahawa wameikaa. Na kuna hili la hela ambalo hakuna anayelitaja: anayeomba analipwa mara kadhaa ya anayeombwa, na kwa zile dakika 20 mambo yamegeuka, kuna watu wa geti wanaonja utamu huo, nimewaona, nami siku moja moja nimeuonja.

Ila nilipoanza kuwasikiliza marubani nikaelewa kwa nini wanaumia kuliko inavyostahili kwa kiti cha bure. Kwao jampsiti ni heshima ya kazi. Zamani kwenye migomo, rubani aliyevuka mstari akafanya kazi wenzake wakiwa wamegoma, jina lake liliandikwa, na miaka mingi baadaye kapteni akiliona jina hilo anasema hapana, tafuta ndege nyingine. Ukiachwa unabaki unajiuliza umefanya nini. Halafu ni mambo ya kulipana, geti letu likiwa na sifa ya kuacha watu, marubani wetu na wao wataanza kusikia "imejaa" kwa wengine. Na wanaamini, kwa sababu nzuri tu, kwamba rubani wa tatu mle mbele ni macho ya ziada. Oktoba 28, 2018, Boeing 737 MAX ya Lion Air ikitoka Denpasar kwenda Jakarta ilianza kujiinamisha yenyewe, na rubani aliyekuwa jampsiti alisaidia wenzake mpaka wakazima ile mota ya mkiani iliyokuwa inaiinamisha, wakafika. Kesho yake ndege ileile, marubani wengine, hakuna mtu wa tatu, ikaanguka baharini na watu 189.

Macho ya ziada ni mikono ya ziada pia. Oktoba 22, 2023, ndege ya Horizon Air kutoka Everett kwenda San Francisco, jampsita ambaye ni rubani wa Alaska Airlines asiye kazini alinyanyua mikono akashika vile vishikio vya kuzimia moto wa injini, vikivutwa mpaka mwisho vinakata mafuta ya injini zote mbili. Wenzake walipambana naye, akatoka, wakatua Portland. Ilijulikana baadaye alikuwa hajalala na siku mbili kabla alikula uyoga wa kulevya. CASS ilimpitisha vizuri tu, maana CASS inaonyesha kama umeajiriwa, ya kichwani haioni. Baada ya pale kwa wiki kadhaa nikaona makapteni wanaanza kutoka wenyewe hadi getini, wanampa mkono jampsita, wanaongea naye dakika mbili tatu juu ya watoto na hali ya hewa, huku wanamtazama machoni.

Yule wa theluji? Nilifunga mlango dakika 10 kabla, kama ilivyoandikwa. Dakika sita kabla kapteni akapanda lile daraja la kuingilia ndege hadi juu getini, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akauliza jampsita wake yuko wapi, maana msaidizi wake alimwona dirishani. Akapiga simu kwa dispacha amesimama palepale kwenye meza yangu, nasikia namba za mafuta zinatajwa, akakata, akasema anachukua mmoja. Nikafungua safari upya kwenye mfumo, jamaa akateremka mbio begi likiendelea kudondosha maji. Tukaondoka tumechelewa dakika tano. Kodi iliyoandikwa ilikuwa ya geti, na nilibishana nayo wiki nzima bila mafanikio.

Tangu hapo nikawa nashuka mwenyewe kwenye ndege kabla ya kupandisha abiria, dakika 40 kabla, namuuliza kapteni: leo unachukua jampsita, na tukibanwa uzito nikuite? Swali la sekunde kumi. Kelele zilipungua sana. Mpaka siku moja kila kitu kimepangika, jampsita yuko mezani tangu saa nzima, karatasi nimeshamchapia, kapteni kakubali, ndege imejaa abiria pomoni kimebaki kile kiti kimoja cha kukunja, na anakuja bwana mmoja wa suti ya kawaida, mpole, anafungua kijitabu chake cha FAA. Mkaguzi. Mwenye kiti chake kaja. Rubani wangu alisoma kile kijitabu kwa mbali, akaokota begi lake bila kuambiwa, akaenda kuangalia ubao wa ndege zinazofuata.